Ziwa halipwi, bahari inapwa

Wewe ambaye hukupata nafasi ya kusikiliza redio, labda betri ziliisha au ulikuwa kwenye foleni ya maji, hii ndiyo nakala yako. Soma, kisha mpe jirani.

Leo tunajibu swali la mama mmoja anayetoka upande wa Fizi, ambaye amekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Familia yake inajiandaa kuhamishiwa nchi ya tatu, katika mji ulio kando ya bahari. Anasema watoto wake wanaogelea tangu wadogo, hawaogopi maji. Anauliza: je, bahari si ziwa kubwa tu lenye chumvi?

Mama, hapana. Na swali lako ni zuri kwa sababu mtu anayejua ziwa ndiye anayeweza kudanganyika zaidi akifika baharini. Asiyejua maji kabisa hukaa mbali. Anayejua huingia.

Tuanze na kitu tunachokijua wote, yaani wimbi.

Chukua bidoni tupu, ifunge vizuri, itupe ziwani siku ya mawimbi, mbali kidogo na ufuko. Utadhani mawimbi yataisukuma moja kwa moja hadi nchi kavu. Hayafanyi hivyo. Wimbi likija, bidoni inapanda, inasogea mbele kidogo, inashuka, inarudi nyuma, karibu pale pale ilipokuwa. Kama inasogea pole pole, mara nyingi ni upepo au mkondo unaoisukuma. Maana yake ni kwamba maji yenyewe hayasafiri na wimbi. Kinachosafiri ni nguvu. Kila tone la maji linazunguka kama gurudumu dogo mahali pake, halafu linaipa nguvu hiyo tone la jirani.

Nguvu hiyo kwa kawaida inatoka kwa upepo. Ukubwa wa wimbi unategemea mambo matatu: upepo una kasi gani, umevuma kwa muda gani, na umepita juu ya maji kwa umbali gani. Hilo la tatu ndilo linalotufanya tuogope Tanganyika wakati wa kiangazi. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo wa kusini unalifuata kwa urefu wake kama mtu anayetembea kwenye barabara. Ukivuma siku nzima, wavuvi wa kaskazini wanapokea mawimbi yaliyoanza mbali sana.

Sasa fikiria bahari, ambako upepo unaweza kupita juu ya maji kwa maelfu ya kilomita bila kukutana na kisiwa. Ndiyo maana unaweza kusimama ufukweni siku ya utulivu, hakuna hata jani linalotikisika, na bado mawimbi makubwa yanakuja. Dhoruba iliyoyazaa ilikuwa mbali, labda siku kadhaa zilizopita. Ziwani tumezoea kusema, upepo umetulia, twende. Baharini kauli hiyo haitoshi.

Wimbi likikaribia ufuko, chini yake kunakuwa kufupi. Sehemu ya chini inapunguzwa kasi, ya juu inaendelea, wimbi linasimama, linapinda na kuanguka. Linaanguka pale ambapo kina cha maji kimekaribia kulingana na kimo chake. Kwa hiyo ukiona mawimbi yanavunjika mbali na ufuko, katikati ya maji, jua kwamba pale kuna mwamba au fungu la mchanga. Na maji yote yaliyotupwa ufukweni lazima yarudi. Mara nyingi yanarudi kwa njia moja nyembamba, yakikimbia kuelekea bahari kuu. Mkondo huo unamshinda hata mwogeleaji hodari. Ukikushika, usipigane nao kurudi nchi kavu. Ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuko, mpaka utoke ndani yake, ndipo urudi. Waambie watoto jambo hili hata kama mengine yote ya leo watayasahau.

[Muziki mfupi]

Kabla sijaendelea, najua kuna anayesema: lakini hata ziwa letu limepanda! Ni kweli. Miaka hii tumeona au tumesikia jinsi Tanganyika lilivyoingia kwenye nyumba na barabara Uvira, Kalemie na Bujumbura. Hilo ni jambo lingine. Mvua zikiwa nyingi kwa miaka, mito inaleta maji mengi kuliko yale yanayopotea kwa jua na yanayotoka kwa mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa ziwa kutokea. Ziwa linapanda kwa miezi na kushuka kwa miezi. Halipandi asubuhi na kushuka mchana.

Bahari inafanya hivyo. Kila siku, tangu kabla ya binadamu wa kwanza. Na hapa naomba tusikilize neno letu wenyewe: pwani. Sisi wa maziwa tunalitumia kwa ufuko wowote. Lakini neno hili limetokana na kupwa. Maji ya bahari yakirudi nyuma na kuacha mchanga wazi, yamekupwa. Pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja hawakuhitaji kitabu kulitunga neno hilo, waliona kwa macho.

Kwenye pwani ya Kenya na Tanzania maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi siku moja kidogo. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Nani mwingine anachelewa kwa dakika 50 kila siku? Mwezi. Angalia leo unachomoza saa ngapi, angalia kesho. Hao wawili wanakwenda pamoja kwa sababu mwezi ndio unaoyavuta maji.

Nieleze vizuri, maana hapa hata mimi shuleni nilikariri tu bila kuelewa mpaka baadaye. Mwezi unaivuta dunia yote, lakini unavuta kwa nguvu zaidi upande ulio karibu nao na kwa nguvu ndogo zaidi upande ulio mbali. Maji ya upande wa karibu yanavutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, basi yanavimba kuelekea mwezi. Upande wa pili, dunia inavutwa zaidi kuliko maji yake, basi maji yale yanabaki nyuma, nayo yanavimba. Mivimbe miwili, pande mbili za dunia. Dunia inavyojizungusha, kila mahali panapita kwenye mivimbe yote miwili. Ndiyo maana bahari inajaa mara mbili na si mara moja.

Basi kwa nini ziwa halifanyi hivyo, na mwezi ni ule ule? Mvimbe unahitaji maji yatoke mbali yakajikusanye mahali pamoja. Baharini njia iko wazi kwa maelfu ya kilomita. Ziwa limefungwa pande zote, na mwezi unavuta mwanzo wake na mwisho wake karibu sawa sawa. Hata maziwa makubwa kabisa ya Amerika Kaskazini hupanda na kushuka kwa chini ya sentimita tano kwa sababu ya mwezi. Nani ataona sentimita tano kwenye mawimbi?

Jua nalo linavuta maji, lakini nguvu yake katika kazi hii haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au usiku wa giza mwezi mpya unapoanza, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja. Maji hujaa sana na hupwa sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavuta kila kimoja upande wake, na maji hayaendi mbali. Hayo wanayaita maji mafu. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu ni kama mita moja tu. Lakini mahali na mahali panatofautiana sana. Ghuba ya Fundy, kule Kanada ambako baadhi ya ndugu zetu wamehamia, tofauti inaweza kufikia mita 16, kwa sababu umbo la ghuba linayabana maji na kuyapandisha. Bahari ya Mediterania, sehemu nyingi hutaona kitu.

Wanaofaidi bamvua wanajua. Mashariki mwa Unguja, vijiji kama Paje na Jambiani, maji yakipwa sana akina mama wanatembea mbali kwenye mchanga hadi kwenye mashamba yao ya mwani, na wengine wanatafuta pweza kwenye miamba. Ni kazi ya saa chache. Hakuna anayekaa kumalizia mstari wa mwisho wa mwani kwa sababu yuko karibu kumaliza. Wanaondoka maji yakigeuka.

Mama wa Fizi, hatari ninayotaka watoto wako waijue iko hapo. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ni mita tatu na sentimita sitini, na yanachukua kama saa sita kujaa. Mabaharia wana hesabu yao ya makadirio: saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu. Unaangalia, unasema bado. Saa ya pili sentimita 60. Saa ya tatu sentimita 90, na ya nne 90 tena. Kisha yanapunguza, 60, halafu 30. Anayesubiri aone kwanza kama kweli maji yanakuja, anaamua kurudi katika saa ile ambayo maji yana haraka kuliko zote. Na mara nyingi hayaji kutoka mbele yake. Yanapita kwenye mifereji ya chini na kujaa nyuma, kati yake na nchi kavu, naye bado amesimama kwenye mchanga mkavu akiokota kombe. Kijana wa ziwani hana sababu ya kugeuka kuangalia nyuma, maana ziwa halijawahi kumfanyia hivyo.

Jambo jema ni kwamba, tofauti na mvua, bahari kupwa na kujaa kunajulikana mapema. Mwendo wa mwezi na jua unahesabika, kwa hiyo mamlaka za bandari huchapisha majedwali ya mwaka mzima: siku fulani, saa fulani, maji yatakuwa kimo fulani. Ukifika mji wa pwani wowote duniani, uliza jedwali hilo kabla hujauliza soko liko wapi. Mimi ningefanya hivyo.

[Muziki mfupi]

Sasa, kimo hicho kinapimwa kutoka wapi? Na nani anajua chini kuna nini?

Wengi wa Burundi mnaosikiliza mnakumbuka Mei 2015, pale Kagunga, kijiji cha Tanzania mpakani. Maelfu ya watu walikuwa ufukweni, kipindupindu kimeingia, na meli ya Liemba inakuja kuwachukua kwenda Kigoma. Meli haikuweza kusogea hadi mchangani. Ilisimama majini, na watu wakapelekwa kwa mitumbwi na maboti madogo, wazee na watoto, wakapandishwa wakiwa juu ya mawimbi. Meli kubwa ina sehemu iliyo chini ya maji, na nahodha lazima ajue kina cha mahali kabla hajafika, maana akijua baada ya kufika amechelewa.

Zamani walipima kwa bildi. Ni risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaitupa, ikigusa chini unahesabu pima zilizoingia. Pima moja ni urefu wa mikono ya mtu mzima akiinyoosha kushoto na kulia. Chini ya bildi walipaka mafuta mazito ili iking'olewa ije na mchanga, tope au kipande cha kombe, nahodha ajue nanga itashika au haitashika. Kazi nzuri, lakini ya pole pole. Kati ya 1872 na 1876 meli ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikipima hivyo, na karibu na visiwa vya Mariana, Bahari ya Pasifiki, kamba yao ilishuka zaidi ya mita 8,000. Leo tunajua shimo lile linafika karibu mita 11,000.

Baadaye ukaja mwangwi. Ukipiga kelele mbele ya mlima, sauti inarudi. Meli inatuma mlio chini, inasubiri urudi, inahesabu muda. Ndani ya maji sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde moja. Ziwa letu Tanganyika, ambalo wataalamu wa Kibelgiji walilipima mwaka 1946 na 1947, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 1,470. Fanya hesabu: mlio unachukua kama sekunde moja kushuka na sekunde moja kurudi. Sekunde mbili, na umepima ziwa la pili kwa kina duniani. Meli za sasa zinatuma milio mingi kwa mara moja, kama feni iliyofunguliwa, na kuchora sakafu kwa upana. Hata hivyo bahari ni kubwa mno. Mpaka sasa ni zaidi kidogo ya robo tu ya sakafu yake iliyopimwa kwa njia hii.

Lakini baharini mpimaji ana shida ambayo wa ziwani hana. Akipima mahali asubuhi, ni mita tano. Akirudi mchana, ni mita mbili. Ipi aandike kwenye ramani? Kwa hiyo anaweka kwanza kipimo bandarini kinachoandika maji yanavyopanda na kushuka kwa muda mrefu, anatafuta usawa wa chini ambao maji ni nadra kushuka zaidi yake, na kuanzia hapo ndipo anahesabu. Namba unayoiona kwenye ramani ya bahari ni kina cha siku mbaya. Nahodha anachukua namba hiyo, anafungua jedwali, anaongeza kimo cha saa ile, ndipo anajua kama meli yake itapita juu ya mwamba au itakaa juu yake. Jedwali na ramani ni ndugu wawili, mmoja hafanyi kazi bila mwingine.

Bado kuna maji yanayokuja bila jedwali. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra, Indonesia, kwa tetemeko kubwa. Likatokea wimbi ambalo halikuletwa na upepo, tsunami. Katika maji ya kina kirefu lilikwenda kwa kasi ya ndege. Baada ya saa saba hivi lilifika Somalia, likapiga vibaya Hafun, na karibu watu 300 walikufa au kupotea nchini humo. Ndugu zetu wa Somalia walioko kambi za Kenya wanalijua. Tanzania walikufa watu kumi au zaidi, Kenya mmoja. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, na wimbi lilifika Kenya na Tanzania maji yakiwa bado chini. Lingefika saa ya kujaa, tungekuwa na hesabu nyingine.

Kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na mahali palipopasuka. Wimbi liliwafikia kwa dakika chache, hakuna simu iliyowahi. Kati ya wakazi zaidi ya 70,000 walikufa saba. Mwaka 1907 babu zao walipigwa na wimbi kama hilo, na tangu hapo waliwasimulia watoto: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikarudi nyuma isivyo kawaida, usiende kuokota samaki, kimbilia mlimani. Angalieni maneno haya: isivyo kawaida. Ili ujue bahari imerudi nyuma isivyo kawaida, lazima kwanza uijue kawaida yake. Mgeni angeona maji yakienda akafikiri ni kupwa tu.

Kwa hiyo watoto waanze kuijua sasa, hata kabla ya safari. Mwezi wa hapa kambini ndio mwezi wa Mombasa. Ukiwa mpevu, Mombasa na Unguja maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Bamvua yenyewe hukolea siku moja au mbili baadaye. Kila siku ongeza dakika 50. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu maji ya jioni yatajaa kama saa kumi na mbili na nusu. Siku ya saba, mwezi ukiwa nusu, yatajaa kama saa nne usiku, na yatakuwa maji mafu. Chukueni daftari, chora mwezi kila usiku, andika saa pembeni. Mwenye ndugu Mombasa, Dar es Salaam au Unguja ampigie simu amuulize kama hesabu imekaribia. Majibu yenu na maswali mengine yaleteni kwenye sanduku la kipindi.